Kamati ya Kuonja Chakula cha Samaki

Inatangazwa kwa raia wote wa Bukavu, wanaoishi nchi kavu na wanaoishi majini, kwamba vita dhidi ya wembamba wa samaki vimekwisha na tumeshinda. Ushindi huo ulipatikana Kasha, katika komini ya Bagira, chini ya uongozi wa Idara ya Ukuaji wa Samaki Wasiohama, ambayo mimi ni Katibu wake. Yeyote atakayesikia habari tofauti sokoni azipuuze, hasa akiambiwa na wanawake wanaouza sambaza, wale dagaa wa ziwa letu.

Naitwa Mardochée. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa tayari na wajukuu, na cheti changu kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni, ili anayetaka kutazama habari alazimike kwanza kutazama elimu. Sisemi hayo kwa kujisifu. Nasema ili msomaji ajue kwamba taarifa hii imeandikwa na mtu anayejua mahali pa kuweka koma.

Mambo yalianza pale Mkurugenzi wetu, Papa Patrice, aliporudi kutoka semina na begi jipya na siri mbili. Alitukusanya ofisini, akafunga mlango, akateremsha sauti.

"Tilapia wa kufugwa," alisema, "hukua kwa mambo mawili. La kwanza, chakula chake kiwe na protini ya kutosha. La pili, maji yake yawe na ubora."

Tuliandika, kama inavyotakiwa mbele ya sayansi. Mshauri wetu wa Ufundi, Bwana Carmel, ndiye aliyeuliza.

"Directeur, na samaki ya ku ziwa, yenye haikufikaka ku semina, inakuaka namna gani?"

"Inakuaka kwa vurugu," alijibu Mkurugenzi. Niliandika jibu hilo na kulipigia mstari.

Ilibaki kupata bwawa. Idara yetu ilikuwa na mhuri, bendera na viti vya plastiki, lakini bwawa haikuwa nalo. Lililochaguliwa ni la Maman Emérence, mjane wa Kasha mwenye sauti inayofika ng'ambo ya bonde bila msaada wa simu. Bwawa lake liko chini ya mteremko, limezungukwa na matete. Samaki wadogo aliwaleta mwenyewe kutoka Kamanyola, kule bondeni kwenye joto, akiwa amepakata ndoo garini kama mtu anayepakata mtoto mchanga. Hilo bwawa ndilo linalomlisha. Aliwahi kutuambia kwamba kabla ya kulichimba alikuwa akibeba mchanga mgongoni kwa ajili ya nyumba za watu, na kwamba mgongo wake hautaki kusikia tena neno mchanga.

Makubaliano yalikuwa rahisi. Idara italeta chakula na itasimamia maji. Siku ya kupima, samaki wakiwa wamefikia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, bwawa litaitwa la mfano na litabaki kwa mwenyewe. Wasipofikia, bwawa litachukuliwa na Idara kwa ajili ya uangalizi wa karibu. Mkurugenzi alikuwa ameshatembea kiwanjani na kukadiria uangalizi huo: ungekuwa na vyumba vinne vya kulala, baraza inayotazama ziwa, na mahali pa kuegesha gari.

"Na mukikosea nyinyi?" aliuliza Maman Emérence.

"Idara haikoseaki, maman," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Idara inafanyaka marekebisho."

Siku ya uzinduzi tulileta mizani ya kupimia kahawa, ile ya kutundika, tukaifunga kwenye miti mitatu. Raia wa Kasha wakaanza kunong'ona, kwa sababu kila mtu hapa ameshawahi kudanganywa na mizani. Mkurugenzi, ambaye hapendi kunong'onwa, alitangaza kwamba mwenye mizani atapimwa wa kwanza ili kila mtu aone sindano haina ujanja. Akaingia ndani ya gunia la kahawa, tukalitundika, akaning'inia kwa heshima. Kilo sitini na nane! Watu walipiga makofi. Kisha tukapima samaki, konzi nzima ya samaki wadogo, na sindano haikushtuka. Uzito wote uliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye bati la bluu kando ya bwawa: samaki juu, Mkurugenzi chini yao, kwa unyenyekevu.

Chakula kilikuja baada ya hapo. Kulikuwa na unga wa sambaza waliokaushwa, na sambaza wengine wazima wa kusagwa baadaye. Kulikuwa na soya kutoka Kalehe. Na kulikuwa na pumba za mahindi za kushikanisha. Mkurugenzi alieleza kwamba protini imo ndani ya sambaza na soya, na kwamba pumba ni za kujaza tumbo tu. Maman Emérence alikwisha kuchanganya bakuli la kwanza, akanyoosha mkono juu ya maji.

"Simama!" alisema Mkurugenzi.

Mkono ukasimama.

"Nani ameonja?"

Hapa lazima niwaeleze wasomaji wa mbali. Kwetu, mtu anayempa mgeni kinywaji au chakula hukionja yeye kwanza, mgeni akiona. Ndivyo tunavyoonyeshana kwamba hakuna karuho ndani. Karuho ni sumu ya polepole, ambayo kila mtu anaiogopa na hakuna aliyewahi kuiona. Mtu aliyepewa hukauka kidogo kidogo hadi nguo zake zimtoroke. Hata kama wewe ni padri, hata kama ni mama mkwe, utaonja.

"Samaki hawa ni wageni wa Serikali," alisema Mkurugenzi. "Mgeni wa Serikali hapewi kitu ambacho Serikali haijaonja."

"Papa Directeur," alisema Maman Emérence, "samaki haijue karuho."

"Ndiyo sababu tunaijua kwa niaba yao."

Papo hapo iliundwa Kamati ya Kudumu ya Kuonja, yenye watu watatu: Mkurugenzi, Bwana Carmel, na mimi. Swali la kwanza kwenye ajenda lilikuwa kiasi cha kuonja. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nilipendekeza kijiko. Bwana Carmel alipinga kwa hoja nzito.

"Mutu wa sumu hakuwake mujinga. Akijua munaonja pa juu, ataweka pa chini. Sasa tukiishiaka pa juu, tutakuwa tumeua samaki ya Serikali kwa uvivu."

Kamati ilipitisha kwamba kila mfuko utaonjwa mpaka chini.

Tuliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Kila asubuhi tulishuka Kasha, tukaweka viti vyetu kando ya bwawa, na Bwana Carmel akawasha jiko. Sambaza wazima walikaangwa kwa mawese, vitunguu na pilipili. Msomaji asidhani pilipili ilikuwa ya raha: ilikuwa kifaa cha maabara, kwa maana ulimi uliowashwa hauwezi kudanganywa. Unga wa sambaza uliingia kwenye mchuzi. Soya tuliionja kama uji, kwa sababu uji hufika mpaka pembe za tumbo ambako sumu hupenda kujificha. Bugali ulikuwepo ili kulinganisha.

Pumba hatukuonja. Nani atapoteza karuho kwenye pumba? Hizo zilikwenda moja kwa moja majini, mabakuli kwa mabakuli, ili samaki wasijione wamesahauliwa.

Maman Emérence alikuwa akisimama na mikono kiunoni.

"Kamati, muko mwaonja bado?"

"Tunaendelea, maman."

"Jana mulisema munaendelea. Ile mufuko iko wapi?"

"Ilikutwa salama," nilimjibu. "Hongera."

"Na samaki ilikula nini?"

"Ilikula imani," alisema Bwana Carmel huku akipangusa mafuta ya mawese kwenye kidevu. "Mugeni akiona wenyeji banakula bila kuanguka, anatulia roho."

Baada ya muda likatokea jambo la kutia moyo. Kila asubuhi tulipofika, samaki walikuwa wamekuja juu, wengi, vichwa nje, wakifungua na kufunga midomo. Mkurugenzi aliguswa sana. Katika maisha yake ya kazi hakuna kundi lililowahi kumlaki kwa nidhamu ya namna hiyo, bila kulipwa usafiri. Akawa anasimama ukingoni, ananyanyua mkono na kujibu: "Bonjour, bonjour, asanteni, mukae."

"Haisalimie!" alipiga kelele Maman Emérence. "Inatafuta pumuzi! Pumba inaoza pa chini, inamaliza hewa ya mu maji. Nusa hii maji, Papa Mardochée, nusa tu!"

Nilinusa. Niliandika: harufu ya maendeleo, bado changa.

Wakati huohuo suti ya Mkurugenzi ilianza kukataa vifungo. Yeye aliita hali hiyo uzito wa majukumu. Bwana Carmel alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, kisha akanunua mkanda. Mimi mwenyewe nilipeleka suruali kwa fundi ili iongezwe kitambaa nyuma, na fundi akaniuliza kama nimepata cheo. Nikamwambia ukweli, kwamba ninalinda samaki.

Ndipo ikaja habari kwamba siku ya kupima atahudhuria Mkaguzi, Madame Pascaline, mwanamke ambaye sifa yake ilimtangulia: hakubali kinywaji, na husoma mabango. Mkurugenzi alitazama bwawa kwa jicho la Mkaguzi akaona aibu. Maji yalikuwa na rangi ya kijani.

"Hii kijani njo uzuri wake," alisema Maman Emérence. Alitumbukiza mkono majini hadi kwenye kiwiko, vidole vikapotea. "Ona. Ukifikisha mukono pale na hauone tena vidole, samaki iko na chakula ya bure ndani ya maji. Mutoe pumba yenye kuoza, basi. Kijani muiache."

"Maman," alisema Mkurugenzi, "maji ya Serikali yanapaswa kuonekana mpaka chini. Serikali haina la kuficha."

Tulilifungua bwawa, tukaacha maji ya kijani yateremke kwenye shamba la jirani, ambalo tangu hapo limestawi bila kibali. Samaki wakingoja kwenye ndoo, tukasugua matope kwa mifagio. Kisha tukaelekeza humo kijito kinachotoka mlimani, maji meupe, safi, baridi kiasi cha kuuma meno. Kila asubuhi tuliyabadilisha tena yasije yakapata rangi. Uliweza kuhesabu mawe chini. Uliweza pia kuwaona samaki, wamejikusanya kwenye kona moja yenye jua kama watu waliogombania blanketi. Hawakuja tena juu kusalimia. Mkurugenzi alisema sasa wametuzoea.

"Hii ni samaki ya Kamanyola!" Maman Emérence alikuwa karibu kulia, na kwake kulia ni kelele. "Imezoea maji ya vuguvugu. Munaitia mu frigo! Mbele ya kufa munaisafisha, kama maiti!"

"Ubora, maman," nilimtuliza. "Ubora."

Siku ya kupima ilifika. Kasha nzima iliteremka, wengine na vitoto mgongoni, wengine na viti vyao. Madame Pascaline alikuja kwa miguu, amevaa viatu vya michezo, na jambo la kwanza alilofanya ni kusimama mbele ya lile bati la bluu na kulisoma lote, juu mpaka chini.

Wavu ulitupwa. Ulipovutwa, ilionekana kama hauna kitu, mpaka ulipotikiswa. Samaki walikuwa na ukubwa wa kidole, na si kidole cha mtu aliyeshiba. Mmoja alipita katikati ya matundu ya wavu bila kuinama. Wakawekwa kwenye mizani. Sindano haikushtuka, kama siku ya uzinduzi.

"Kiganja kiko wapi?" aliuliza Mkaguzi.

Mtu dhaifu angetetemeka. Mkurugenzi wetu alikohoa, akageuka kuwatazama raia, akainua kidole.

"Madame l'Inspectrice, Idara ilileta protini. Mifuko yote mnaiona pale, mitupu. Maji mnayaona, ni kioo. Protini ipo, ubora upo, na samaki wamekauka. Kitu gani hukausha kiumbe kinachokula vizuri? Mimi sitasema. Kasha inajua jina lake. Na ninyi mnajua mkono wa nani huwa unatumbukia ndani ya bwawa hili mpaka kwenye kiwiko!"

Jirani aliyekuwa amesimama bega kwa bega na Maman Emérence alisogea pembeni, kisha mwingine. Mama mmoja akavuta mtoto wake kwa kanga. Neno hilo likishatua juu ya mtu hapa kwetu, halimwachi hata akihama. Kupoteza bwawa kungekuwa jambo dogo. Maman Emérence akabaki peke yake kwenye nafasi ya duara, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Karuho," alisema. "Mi nilitia karuho mu chakula ya samaki yangu."

"Amekiri!" alisema Bwana Carmel.

"Ngoja kwanza, mutoto yangu, siyamaliza." Sauti ilianza kupanda. "Kama chakula ilikuwa na karuho, wa kwanza kuonja ni nani?"

Swali lilikuwa nje ya ajenda.

"Si ni Papa Directeur? Asubuhi kwa asubuhi, mpaka pa chini ya mufuko? Kasha yote ilimuona, na harufu ya vitunguu ilikuwa inafika ku kanisa! Basi na yeye amekauka. Maskini! Iko nakufa polepole, huyu papa, na hatujue." Akawageukia watu, mikono kiunoni. "Bandugu, tumuhurumie. Tumupime tuone amebakiza kilo ngapi."

Kwanza alicheka mtu mmoja. Kisha Kasha nzima.

"Hakuna haja," alisema Mkurugenzi. "Mimi si sehemu ya jaribio."

"Uko kwenye bango," alisema Madame Pascaline. "Chini ya samaki."

Gunia lililetwa. Siku ya uzinduzi Mkurugenzi aliingia ndani yake peke yake. Siku hii alisaidiwa na vijana wanne, wawili wakivuta gunia juu na wawili wakisukuma Idara chini. Lilipotundikwa, ile miti mitatu iliguna. Sindano, ambayo nilidhani imekufa, iliruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu.

"Kilo tisini na moja!" walipaza sauti watu, hata wale wasiojua kusoma. Gunia likapasuka mshono, na kupitia mshono tukaona kifungo cha suti kikiaga.

"Karuho ya namna hii," alisema bibi mmoja kutoka nyuma, "na mi munipatie."

Jirani aliyekuwa amesogea akarudi bega kwa bega na Maman Emérence, kana kwamba alikuwa ameenda tu kutema mate.

Madame Pascaline aliomba kiti. Alifikiri kidogo, kisha akatoa uamuzi ambao ninaunukuu kwa kichwa, kwa kuwa kalamu yangu ilikuwa imekwisha wino kwa sababu za kiutawala.

"Nimeona kwamba Idara imethibitisha nusu ya kwanza. Protini hukuza, hakuna ubishi, aliyeila amekua. Bwawa ni la mwenyewe, na litabaki la mwenyewe. Lakini nimesikia hapa kuna desturi nzuri ya kuonja kabla ya mgeni, na Kamati imeifuata nusu tu. Sambaza mlionja. Soya mlionja. Pumba je?"

Mkurugenzi aliinama kutafuta kifungo chake.

"Maji je? Samaki anakaa ndani ya maji mchana na usiku, na hakuna mwenyeji hata mmoja aliyeingia kwanza. Kamati itamaliza kazi yake. Sambaza na soya ataonja Maman Emérence, na ataonyesha kiasi."

Maman Emérence alichovya ncha ya kidole kwenye mfuko mpya, akailamba, akasema, "Iko muzuri." Kuonja kukawa kumekwisha. Sikuwahi kuona kazi ya Serikali ikifanywa kwa haraka namna hiyo, na bila sahihi.

Ndivyo ushindi nilioutangaza ulivyopatikana. Samaki wanapata sambaza na soya, kijito kimerudishwa njia yake, na maji ya bwawa yamepata tena kijani na vuguvugu. Juzi Maman Emérence alitoa tilapia mmoja, akamlaza juu ya kiganja chake, na mkia ukabaki nje.

Kamati nayo inaendelea. Sisi watatu tunaonja pumba, mpaka chini ya mfuko, kwa sababu hoja ya Bwana Carmel haijapata wa kuipinga. Maji tunayaonja asubuhi katika kidimbwi kidogo alichotuchimbia Maman Emérence kando, pale kijito cha mlimani kinapopita, kwa vile hataki tuwashtue samaki wake. Tunaingia mpaka kifuani. Suti ya Mkurugenzi imeanza kukubali vifungo, na suruali yangu nimeirudisha kwa fundi, ambaye aliniuliza kwa huruma kama cheo kimechukuliwa.

Baridi ile, lazima niiripoti kwa usahihi, humfanya mtu anyooshe shingo juu ya maji, akifungua na kufunga mdomo, akitafuta pumzi. Leo asubuhi tulikuwa hivyo, watatu kwa mstari, Maman Emérence alipopita na bakuli lake la sambaza. Alisimama ukingoni, akatutazama vizuri, akanyanyua mkono.

"Bonjour, bonjour," alisema. "Asanteni. Mukae."

Mkurugenzi alitaka kumweleza kwamba hatusalimii. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.